Karanga, mkanda wa rangi tatu na kansa: namna chakula kilivyoingia katika matibabu

Katika kambi za wahami, kila mama anaujua mkanda ule ambao mhudumu wa afya anazungusha kwenye mkono wa mtoto, kati ya bega na kiwiko. Kijani ni salama, manjano ni onyo, nyekundu ni hatari. Anaijua pia pakiti ya karanga iliyosagwa anayopewa mtoto aliyekonda. Wasiojulikana na wengi ni watoto wa kansa, ambao nao vitu hivyo viwili vimewasaidia.

Zamani madaktari walipambana na uvimbe peke yake. Mgonjwa akikonda, walisema ndiyo kawaida ya kansa. Mwaka 1932, daktari Shields Warren wa Boston, Marekani, alitangaza uchunguzi wa maiti 500 za watu waliokufa kwa kansa. Alikuta kwamba kukonda na kuishiwa nguvu ndiko kulikoua watu wengi zaidi kuliko sababu nyingine yoyote.

Karibu miaka 50 ilipita kabla ya jambo hilo kupimwa vizuri. Mwaka 1980, daktari William DeWys na wenzake, Marekani vilevile, walitoa matokeo ya wagonjwa 3,047. Waliokuwa wamepoteza kilo kabla ya kuanza dawa waliishi muda mfupi kuliko wale ambao uzito wao haukushuka. Tangu hapo ilikuwa vigumu kusema kwamba chakula ni kazi ya jikoni tu.

Karanga nazo zilikuja kwa njia nyingine. Watoto wenye utapiamlo mkali walikuwa wanalazwa na kupewa maziwa maalum ya unga, yanayohitaji maji safi. Mahali penye vita maji hayo yako wapi? Mwaka 1996, Wafaransa André Briend na Michel Lescanne walichanganya karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Wakapata Plumpy'Nut: pakiti moja ya gramu 92 inatoa kalori 500, haipikwi wala haihitaji maji.

Huko Blantyre, Malawi, katika hospitali ya Queen Elizabeth, madaktari wa watoto walikuwa wanatibu kansa ya figo inayoitwa Wilms. Watoto wengi walifika wamechelewa, tumbo limevimba, mikono imekonda. Mizani ilidanganya: kilo zilionekana nzuri kwa sababu uvimbe nao ulipimwa pamoja na mtoto. Kipimo cha mkono ndicho kilichoonyesha njaa. Basi madaktari, akiwemo Trijn Israels na Elizabeth Molyneux, wakawapa watoto chakula cha karanga pamoja na dawa, kabla ya upasuaji. Habari hiyo waliitangaza mwaka 2009.

Mwaka 2010 walionyesha jambo lingine. Walipima vinkristini, dawa ya kansa, katika damu ya watoto. Miili ya watoto wa Malawi wenye utapiamlo iliiondoa dawa hiyo polepole kuliko miili ya watoto wa Uingereza. Dawa ikikawia mwilini, madhara yake yanaweza kuongezeka. Kwa hiyo mwili wenye njaa unaipokea dawa ileile kwa namna nyingine.

Hapo ndipo kazi ya mtaalamu wa lishe inapoonekana. Anapima uzito na mkono, anauliza kama kinywa kina vidonda, kama mgonjwa anatapika, kama chakula kimepoteza ladha. Kisha anatafuta kinachowezekana: uji wenye unga wa karanga au soya, maharagi yaliyopondwa, yai lililoiva, supu ya sambaza, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Dawa inapunguza kinga ya mwili, kwa hiyo maji yachemshwe na chakula kiive vizuri.

Bado kuna wanaosema kwamba ukimlisha mgonjwa unailisha kansa, na kwamba njaa itaikausha. Historia hii inawapinga. Uvimbe hausubiri sahani. Unachukua fungu lake kutoka mwilini hata mtu akifunga, na anayebaki bila nguvu ni mgonjwa. Wengine wanabadilisha chakula chote kwa majani ya dawa. Majani hayo yanaweza kugongana na dawa za hospitali, hivyo daktari aambiwe.

Katika familia ya wahami, ambako posho haitoshi wenye afya, mgonjwa wa kansa mara nyingi anasema hana njaa ili watoto wale. Pengine kweli hana hamu; pengine anawaachia. Kilo zikianza kushuka, nguo zikianza kulegea, wauguzi waambiwe siku hiyohiyo, bila kungoja zamu ya dawa inayofuata.