Mbegu nyingi si hoja, DNA nayo huharibika

Leo naigusa ishu ambayo wanaume tunaikwepa sana, na naigusa kwa sababu imenikuta mwenyewe.

Mke wangu mimba zake tatu ziliharibika. Maneno ya ndugu mnayajua, eti "tumbo lake halishiki". Akapimwa yeye, akanywa dawa yeye. Mimi nilipima mara moja tu, nikaambiwa mbegu ni nyingi na zinakimbia vizuri. Nikarudi nyumbani kifua mbele!

Kumbe kipimo kile cha kawaida kinaangalia wingi, mwendo na umbo basi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataja kiwango cha chini kuwa mbegu milioni 16 kwa mililita moja. Ukiwa juu ya hapo unaonekana uko fiti, lakini hakuna aliyechungulia DNA iliyobebwa ndani.

DNA hiyo imebanwa kwenye kichwa cha mbegu kama robota la mitumba, kwa protini ziitwazo protamini. Ikifungwa ovyo inakatika kirahisi, hasa ikishambuliwa na kemikali kali za oksijeni. Mbegu iliyokomaa haiwezi kujitibu. Yai la mama ndilo hujaribu kurekebisha, na uharibifu ukizidi, au umri wa mama ukiwa umesogea, linashindwa. Hapo mimba inachelewa kuingia, au inaingia halafu inatoka. Simaanishi kila mimba inayotoka kosa ni la baba, la hasha. Nyingi hutokana na hitilafu za kromosomu, na hizo mara nyingi huanzia kwenye yai.

Visababishi ni sigara, joto kwenye korodani, maambukizi, kisukari, umri mkubwa, na ile mishipa ya korodani inayovimba kama minyoo (madaktari wanaiita varikoseli). Hata kukaa siku nyingi mno bila kutoa mbegu kunazichakaza zikiwa stoo.

Kipimo chake kipo. Kimojawapo kinaitwa kometi: mbegu inapitishiwa umeme, DNA iliyokatika inajitokeza nyuma kama mkia wa nyota. Vingine vinatoa asilimia, na madaktari wengi wakiona imezidi 30 wanasema iko juu. Ila wataalamu hawajakubaliana kuhusu matumizi yake. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020 unasema kisiwe kipimo cha kuanzia, bali kifikiriwe pale mimba zinapoharibika mara kwa mara. Ndivyo nami nilivyofika. Changu kilisoma 38.

Tiba inategemea chanzo. Maambukizi yanatibiwa, varikoseli inafanyiwa upasuaji, sigara unaacha. Mbegu mpya hutengenezwa kwa takriban siku 74, halafu zinahitaji muda wa kukomaa, kwa hiyo matokeo usiyatafute kabla ya miezi mitatu. Vidonge vya vitamini vinasifiwa sana, lakini utafiti wa MOXI uliochapishwa Marekani mwaka 2020 haukuona vikipunguza uharibifu huo. Na zile dawa za nguvu za kiume za mtaani ni habari nyingine kabisa, ndugu yangu. Unaweza kuwa simba chumbani na DNA yako ikawa vipande.

Mimi nilikuwa mtu wa pakiti moja kwa siku. Huu mwezi wa pili sijagusa, narudi kupima mwezi ujao. Jumapili nilimwambia mama kwamba kipimo kibovu ni changu. Akanyamaza weee, mwisho akasema nimpe simu aongee na mkwewe.

Mwenye swali aulize hapo chini, hata bila jina ruksa.