Jogoo wa Shanghai kwenye Nyasi za Dakota

Kibao chenyewe ni kidogo. Kina picha ya bata bukini wa buluu anayeruka, na kimepigiliwa kwenye nguzo ya waya kando ya barabara ya changarawe. Mara ya kwanza nilipokiona, katika kaunti ya Day, jimbo la South Dakota, nilibaki ndani ya gari. Mzee niliyefuatana naye, mstaafu niliyewahi kufanya naye kazi kiwandani Sioux Falls, alikwishashuka, mbwa wake anazunguka miguuni, bunduki ya marisau mkononi. Akaniuliza mbona siji. Nikamwonyesha kile kibao. Akadhani nakisifia kwa uzuri wa mchoro.

Mimi nimezaliwa Bunda, kando ya Serengeti, upande ambao mbuzi akivuka mto tu, amekwishaingia porini kwa serikali. Kwetu neno hifadhi likiandikwa kwenye kibao lina maana moja: rudi ulikotoka. Baba alikuwa akitega kwale kwa tanzi za katani ukingoni mwa shamba la mtama, na hata huyo kwale tulimla mlango umefungwa, kwa sababu bwana nyama alikuwa na pua. Leo naambiwa hii ni ardhi ya serikali, tena serikali kuu ya Marekani, na kibao kinanikaribisha na bunduki. Ilinichukua misimu kadhaa kuelewa mambo yalifikaje hapo, na aliyenifundisha zaidi ni ndege mwenyewe.

Anaitwa fezanti, ndugu yao kwale na kuku. Jogoo wake ana shingo ya kijani inayong'aa, pete nyeupe shingoni kama kola ya kasisi, mashavu mekundu na mkia mrefu kuliko kiwiliwili. Mtetea ana rangi ya majani makavu, ukimkanyaga ndipo utakapomwona. Tangu 1943 ndiye ndege rasmi wa South Dakota, yupo kwenye kofia, kwenye vikombe, kwenye mabango ya mahoteli. Lakini si mwenyeji. Ni mhamiaji kama mimi, na historia ya kuingia kwake imeandikwa vizuri kuliko yangu. Mwaka 1881 Owen Nickerson Denny, konsuli mkuu wa Marekani huko Shanghai, alipakia fezanti melini kuwapeleka kwao Oregon. Wengi wakafa njiani. Mwaka uliofuata akatuma wengine, hao wakafika hai, wakaachiwa katika bonde la Willamette. Miaka kumi tu baadaye, 1892, Oregon ilifungua msimu wa kwanza wa kuwawinda, siku 75, na hesabu inayotajwa hadi leo ni ndege 50,000 walioangushwa siku ya kwanza. Mzee huitaja namba hiyo kwa uchungu, kama mtu aliyenyimwa mwaliko wa harusi.

Kutoka Oregon walisafirishwa tena. Mwaka 1908 watu wa Redfield, South Dakota, waliwaachia fezanti karibu na mji wao, na jimbo likaongeza wengine miaka iliyofuata. Msimu wa kwanza ulikuwa wa siku moja, tarehe 30 Oktoba 1919, katika kaunti ya Spink peke yake, na kila mwindaji aliruhusiwa majogoo wawili. Siku hiyo waliuawa ndege wapatao 200. Robo karne baadaye, katikati ya miaka ya 1940, jimbo hilo lilikadiriwa kuwa na fezanti milioni 16.

Nilipoisikia namba hiyo nilidhani serikali ilikuwa ikiwafuga. Mzee akacheka, akajibu neno moja: magugu.

Mtetea wa fezanti hutaga chini, kwenye nyasi kavu zilizosalia mwaka uliopita. Hulalia mayai yake kama siku 23, na huwa haondoki upesi. Mkulima akipitisha mashine ya kukata majani ya ng'ombe mwezi wa Juni, humkata palepale juu ya mayai. Kwa hiyo mkulima hodari ndiye adui yake, na mkulima aliyeshindwa ndiye rafiki. Miaka ya 1930 walishindwa wengi. Ukame na vumbi viliwafukuza watu, wakaacha nyumba, mashamba yakaota magugu hadi mlangoni. Kisha ikaja vita. Vijana wakaenda Ulaya na Pasifiki, mikono ya kulima ikapungua, na risasi za kuwindia zikawa adimu. Fezanti wakabaki na nchi yao peke yao.

Wakati huo mama yake Mzee alikuwa msichana, karibu na Aberdeen. Treni za askari zilisimama pale dakika chache, na kuanzia 1943 hadi 1946 wanawake wa mji ule na vijiji vya jirani walizipokea kwa sandwichi za nyama ya fezanti, bure. Mamia ya maelfu ya askari walikula. Mama yake alikuwa akichambua nyama kutoka kwenye mifupa, na kazi yake hasa ilikuwa kutafuta chembe za marisau, askari asije akavunja jino kabla hajamwona adui. Alizitia kwenye kopo. Mzee bado analo, analitumia kuzuia mlango wa banda.

Vita vikaisha, vijana wakarudi na matrekta na madawa, na magugu yakakoma. Tangu hapo idadi ya ndege imepanda na kushuka kwa kufuata karatasi za Washington. Mwaka 1956 serikali ilianza kuwalipa wakulima walaze sehemu ya ardhi, ndege wakapanda; mpango ukaisha, wakaporomoka. Mwaka 1985 ukaja mpango mwingine wa mikataba ya nyasi, na kufikia 2007 walikaribia milioni 12. Kisha mahindi yakahitajika kwa ethanoli, bei ikapaa, mikataba ilipokwisha watu wakarudisha jembe. Hesabu inayofanywa kando ya barabara mwaka 2013 ilionyesha kushuka kwa asilimia 64 kutoka mwaka uliotangulia. Hali ya hewa nayo ilichangia, lakini nyasi hazikuwepo.

Kile kibao kinasimamia nyasi zisizotegemea bei ya mahindi. Mwaka 1934 sheria ilimtaka kila mwindaji wa mabata anunue stempu ya dola moja. Aliyeichora ya kwanza ni Jay Darling, mchora katuni wa magazeti, na bata bukini wa kwenye kibao pia ni mkono wake. Leo stempu ni dola 25. Mwaka 1958 sheria ilirekebishwa ili fedha hizo zinunue vinamasi vidogovidogo vya mbugani, na kipande cha kwanza kabisa, McCarlson, ekari 160, kilinunuliwa Januari 1959 katika kaunti hiihii ya Day. Vipande hivi viko wazi kwa wawindaji. Vilinunuliwa kwa ajili ya mabata. Fezanti ni mpangaji asiyelipa kodi, anayejificha kwenye matete theluji ikianguka. Anayewinda fezanti tu hahitaji stempu. Mzee hainunui kwa lazima basi, maana hajapiga bata tangu magoti yaanze kumsumbua, lakini kila mwaka anainunua.

Ardhi ya umma, wanasema. Sehemu ya mashariki ya kaunti ya Day ilikuwa ndani ya mipaka waliyowekewa Wadakota wa Sisseton na Wahpeton, na Aprili 1892 ikafunguliwa kwa walowezi, mwaka uleule Oregon walipokuwa wakihesabu ndege wao 50,000. Huo umma nao una waliotangulia. Kwa mtu aliyekulia kando ya Serengeti jambo hili halihitaji maelezo marefu.

Siku ile nilishuka hatimaye. Marisau yalikuwa ya chuma, kwa kuwa ya madini ya risasi yamekatazwa kwenye maeneo hayo. Tukaingia kwenye nyasi zilizonifika kifuani, mbwa mbele. Ndege wa kwanza aliporuka miguuni pangu nilipiga kelele "mtetea!" bila kufikiri, na Mzee, asiyejua neno hata moja la Kiswahili, akashusha bunduki. Majike hawaguswi. Jioni tulikuwa na majogoo watatu kwa wote wawili, kila mmoja kaachiwa mguu wake ili mkaguzi aone kuwa ni jogoo. Na mkaguzi alikuja. Alipofungua mlango wa gari lake mikono yangu ilikuwa imekwishapanda juu. Akaangalia leseni, akahesabu miguu, akampapasa mbwa, akaondoka.

Usiku nilimtumia mama picha, mimi na jogoo nimemshika, nyuma yangu nyasi mpaka upeo wa macho. Hakuuliza habari za ndege. Aliuliza kama mwenye lile shamba amefariki.