Utangazaji wa umma Kasongo na Kabambare
Kasongo na Kabambare, maeneo ya kusini mwa jimbo la Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yanahudumiwa na shirika la taifa la utangazaji, RTNC, lenye makao Kinshasa na kituo cha jimbo mjini Kindu. Televisheni ya taifa ilianza mwaka 1966. Enzi za Rais Mobutu ilikuwa sauti ya chama tawala: taarifa ya habari ilifunguliwa kwa sura ya rais ikishuka kutoka mawinguni. Jina la RTNC lilikuja mwaka 1997, alipoingia madarakani Laurent-Désiré Kabila.

Tofauti kubwa ni ya fedha: nchini Finland, kwa mfano, shirika la utangazaji wa umma, Yle, linaendeshwa kwa kodi maalumu tangu 2013. RTNC, kinyume chake, inategemea sana serikali, na hapo ndipo uhuru wake unapobanwa.

Vijijini umeme ni haba, hivyo redio ndiyo huduma yenyewe.

Mbali na RTNC ipo Redio Okapi; iliyoanzishwa Februari 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Uswisi la Hirondelle, hutangaza kwa Kifaransa, Kilingala, Kiswahili, Tshiluba na Kikongo. Kiswahili katika maeneo haya ni lugha ya nyumbani tangu misafara ya mfanyabiashara Tippu Tip, aliyeifanya Kasongo ngome yake katika karne ya 19.