Sekunde 124 za kulipa deni: Marudiano ya Joe Louis na Max Schmeling

Saa 4 usiku wa Juni 22, 1938, watu wapatao 70,000 walikuwa wamefurika Uwanja wa Yankee jijini New York. Berlin ilikuwa saa 9 usiku, na huko nako maelfu walikuwa hawajalala, wamezizunguka redio zao. Kengele ililia, na kabla waliochelewa hawajapata viti vyao pambano lilikuwa limekwisha. Lilidumu dakika 2 na sekunde 4.

Historia ya ngumi za uzito wa juu imejaa marudiano ya kukumbukwa. Mwaka 1960 Floyd Patterson alimwangusha Ingemar Johansson, aliyekuwa amempokonya mkanda mwaka mmoja kabla, akawa bondia wa kwanza kurudisha ubingwa wa uzito huo. Muhammad Ali alirudiana na Sonny Liston mwaka 1965, na mwaka 1978 akarudiana na Leon Spinks. Hata hivyo, hakuna marudiano yaliyobebeshwa mzigo mzito kama yale ya Joe Louis, Mmarekani Mweusi, na Max Schmeling wa Ujerumani.

Kijana wa Alabama

Joe Louis Barrow alizaliwa Mei 13, 1914 kijijini Alabama, katika familia iliyolima ardhi ya wengine na kugawana mavuno na mwenye shamba. Mwaka 1926 familia ilihamia Detroit. Mama yake alimpa pesa za kujifunza kupiga fidla. Kijana akazipeleka kwenye mazoezi ya ngumi.

Njia yake haikuwa nyepesi. Bingwa wa kwanza Mweusi wa uzito wa juu, Jack Johnson, aliupata ubingwa mwaka 1908 na kuupoteza mwaka 1915. Tangu hapo hakuna bondia Mweusi aliyepewa nafasi ya kuugombea. Wasimamizi wa Louis walijua kwamba kijana wao angechunguzwa kila hatua, hivyo wakamfundisha kuishi kwa tahadhari: asimcheke mpinzani aliyeanguka, asijigambe, asipige picha na wanawake wa Kizungu. Mwalimu wake, Jack Blackburn, alimweleza wazi kuwa bondia Mweusi hawezi kutegemea pointi za majaji. Uamuzi aubebe ndani ya ngumi zake mwenyewe.

Na kweli ngumi zake ziliamua. Kufikia mwaka 1936 alikuwa hajapoteza pambano hata moja, na mabingwa wa zamani Primo Carnera na Max Baer walikuwa wamekwishalala mbele yake. Aliyefuata alikuwa Schmeling.

Kosa la mkono wa kushoto

Schmeling alikuwa na miaka 30, na wengi walimwona mzee aliyepitwa na wakati. Aliwahi kuwa bingwa wa dunia mwaka 1930, tena kwa njia ya ajabu: Jack Sharkey alimpiga chini ya mkanda, akaondolewa pambanoni, na Schmeling akapewa ubingwa akiwa bado chini anaugulia maumivu. Miaka miwili baadaye Sharkey aliuchukua kwa pointi zilizolalamikiwa sana.

Huyo waliyemwita mzee alifanya kazi ambayo kijana hakuifanya. Louis alikuwa amenogewa na mchezo wa gofu na mazoezi akayalegeza. Schmeling alikaa akitazama filamu za mapambano ya Louis, akairudia kila ngumi, mpaka akaona kitu. Kila Louis aliporusha ngumi fupi ya kushoto ya kupimia, mkono ule haukurudi juu kulinda taya. Ulishuka kwanza. Kwa kitambo hicho kifupi upande wa kushoto wa uso ulibaki wazi, na ndipo konde la kulia la Schmeling lingeweza kupenya.

Juni 19, 1936, katika uwanja uleule wa Yankee, konde hilo lilipenya. Raundi ya nne Louis alikwenda chini kwa mara ya kwanza tangu aingie ngumi za kulipwa. Alisimama, akaendelea kupigwa raundi baada ya raundi, na kwenye ya 12 akahesabiwa hadi kumi. Mshairi Langston Hughes aliandika baadaye jinsi alivyopita mitaa ya Harlem usiku ule akakuta watu wazima wakilia hadharani.

Ujerumani ilishangilia. Schmeling alirudi nyumbani kwa chombo cha angani cha Hindenburg, Hitler akamkaribisha chakula, na filamu ya pambano ikaonyeshwa nchi nzima kama ushindi wa taifa. Watawala wa Kinazi walipata walichokitafuta: Mzungu wa Kijerumani amemlaza Mweusi, basi nadharia yao ya ubora wa damu imethibitika.

Bingwa asiyetaka kuitwa bingwa

Kwa haki ya ulingo, Schmeling ndiye aliyestahili kupigana na bingwa wa wakati huo, James J. Braddock. Mkataba ulikuwapo. Lakini biashara ya ngumi ina njia zake. Upande wa Braddock uliahidiwa sehemu ya mapato ya baadaye ya Louis, na nafasi ikahamia kwa Louis. Juni 22, 1937 jijini Chicago, Braddock alimwangusha Louis raundi ya kwanza, kisha yeye mwenyewe akalala raundi ya nane. Baada ya miaka 22, bondia Mweusi alikuwa tena bingwa wa dunia wa uzito wa juu.

Mitaa ya Weusi ilifurika shangwe. Louis mwenyewe alisema asiitwe bingwa mpaka atakapompiga Schmeling. Wahenga wetu walisema dawa ya deni ni kulipa, na yeye alijua anadaiwa nini na anamdai nani.

Marudiano yalipopangwa, dunia ilikuwa imebadilika. Machi 1938 majeshi ya Hitler yaliingia Austria. Wayahudi walikuwa wamevuliwa uraia na haki zao, na New York kulikuwa na waliotaka pambano lisusiwe. Schmeling, ambaye hakuwahi kujiunga na chama cha Nazi na ambaye meneja wake, Joe Jacobs, alikuwa Myahudi, alizomewa kama mjumbe wa Hitler. Louis naye alibebeshwa heshima ya Marekani nzima, nchi ambayo katika jimbo alikozaliwa mtu wa rangi yake alizuiwa kupiga kura na kutengwa shuleni na ndani ya basi. Uchungu huo sitaki upite bila kusemwa.

Usiku wa malipo

Safari hii hapakuwa na gofu. Louis alipanda ulingoni amekwisha kutoka jasho, mwili umepata moto, na kengele ilipolia hakumpa Schmeling nafasi ya kupima. Ngumi za kushoto zilitua usoni moja baada ya nyingine, na safari hii mkono ulirudi haraka mahali pake. Konde la kulia likamsukuma Schmeling kwenye kamba. Akaishika ile ya juu kwa mkono wa kulia ili asianguke, mwili umegeuka nusu. Louis akashusha konde zito ubavuni, karibu na mgongo. Schmeling alipiga ukelele uliosikika mpaka viti vya mbele. Baadaye madaktari walikuta mfupa wa uti wa mgongo umevunjika.

Alikwenda chini mara tatu. Mara ya mwisho taulo jeupe liliruka kutoka kona yake na kutua ulingoni. Sheria za New York hazikulitambua taulo, hivyo refa Arthur Donovan aliliokota, akalitupa kwenye kamba, likaning'inia pale. Kisha akamtazama mtu aliyekuwa sakafuni na kusimamisha pambano bila kufika kumi.

Katika pambano zima Schmeling alikuwa amerusha ngumi mbili tu. Harlem ilicheza mitaani hadi alfajiri.

Baada ya kengele

Miezi michache baadaye, usiku mmoja wa Novemba 1938, masinagogi yalichomwa na maduka ya Wayahudi yakavunjwa kote Ujerumani. Usiku huo Schmeling aliwaficha vijana wawili wa Kiyahudi, watoto wa rafiki yake, katika chumba chake cha hoteli jijini Berlin. Hakulitangaza jambo hilo. Lilijulikana mwaka 1989, mmoja wa wale waliookolewa aliposimama Las Vegas na kulisema.

Louis alijiunga na jeshi la Marekani mwaka 1942 na kutoa mapato ya mapambano mawili kwa mifuko ya misaada ya wanajeshi. Serikali ileile ilimfuata baada ya vita kwa madeni ya kodi yaliyomwandama miaka mingi. Schmeling, aliyepata mafanikio katika biashara ya soda, alimtafuta mwaka 1954 wakawa marafiki, na hali ya Louis ilipokuwa ngumu alimsaidia kwa fedha. Louis alifariki Aprili 12, 1981 na kuzikwa katika makaburi ya kitaifa ya Arlington. Schmeling alichangia gharama za mazishi. Yeye alifariki mwaka 2005 akiwa na miaka 99.

Louis alitetea ubingwa wake mara 25 na kukaa nao mfululizo miaka 11 na miezi minane, rekodi ambazo hakuna bondia mwingine wa uzito wa juu aliyezifikia. Angeweza kumkwepa Schmeling na bado akaitwa bingwa. Kwa mabondia na mapromota wetu wanaokwepa marudiano kwa hofu ya kuharibu rekodi, somo liko wazi: aliyekupiga mtafute, jifunze kosa lako, umlipe ulingoni. Na kengele ikilia mara ya mwisho, mpe mkono.