Njia za kupunguza barua pepe taka katika sanduku lako

Na Mwandishi Wetu

KWA mkazi wa mjini anayetafuta kazi, hakuna hasara inayouma kama kugundua kwamba wito wa usaili ulifika katika anwani yake ya barua pepe wiki mbili zilizopita, ukafunikwa na matangazo ya dawa, bahati nasibu na mikopo ambayo hakuiomba.

Barua hizo zisizoombwa ndizo zinazoitwa barua pepe taka, na wengi huzijua kwa jina la spamu. Jina hilo ni la nyama ya kopo ya Marekani, iliyofanyiwa mzaha mwaka 1970 na kundi la wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python, katika mchezo ambao neno hilo hurudiwa hadi likazima mazungumzo mengine.

Tangazo linalohesabiwa kuwa la kwanza la aina hiyo lilitumwa Mei 1978 nchini Marekani na Gary Thuerk, mtumishi wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation, kwa watu wapatao 400 waliokuwa wakitumia mtandao wa ARPANET. Wengi waliolipokea walikasirika, lakini njia ilikuwa imeshafunguliwa.

Chanzo cha tatizo ni gharama. Kutuma barua milioni moja hakumgharimu mtumaji fedha nyingi, hivyo hata wakijibu watu wachache tu, anapata faida. Aidha, kanuni za kusafirisha barua pepe zilizochapishwa mwaka 1982 hazikumtaka mtumaji athibitishe yeye ni nani, na ndiyo maana jina la mtumaji huweza kughushiwa kwa urahisi.

Anwani hupatikana kwa njia kadhaa. Zipo programu zinazopekua tovuti zikitafuta alama ya @, zipo zinazobahatisha majina ya kawaida, na yapo majedwali ya anwani yaliyoibwa au kuuzwa baada ya mtu kujaza fomu dukani, hotelini au katika shindano la zawadi.

Hatua ya kwanza, kwa hiyo, ni kuwa na anwani mbili. Moja iwe ya kazi, benki na ndugu, nyingine itumike kujisajili katika maduka na mashindano. Anwani ile ya kwanza isibandikwe hadharani mtandaoni.

Hatua ya pili ni kutofautisha matangazo halali na ulaghai. Ikiwa barua imetoka katika kampuni uliyowahi kushughulika nayo, tafuta kitufe cha kujiondoa, ambacho mara nyingi huandikwa 'Unsubscribe'. Tangu mwaka 2024, Google na Yahoo zinawataka wanaotuma matangazo kwa wingi waweke njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja, na waheshimu ombi hilo ndani ya siku mbili.

Hata hivyo, ikiwa mtumaji humjui, usibofye kitufe chochote wala kumjibu, hata kwa kumkaripia. Jibu lako humthibitishia kwamba anwani hiyo inatumika, naye huweza kuiuza kwa wengine.

Hatua ya tatu ni kuiripoti barua hiyo kuwa taka badala ya kuifuta tu. Vichujio vya kampuni za barua pepe hujifunza kutokana na taarifa za watumiaji, hivyo kila unaporipoti unakisaidia kichujio kuzitambua barua zinazofanana nayo.

Hatua ya nne ni kuzuia picha zisifunguke zenyewe. Baadhi ya barua huwa na picha ndogo isiyoonekana kwa macho, ambayo ikifunguka humjulisha mtumaji kwamba barua imesomwa. Mpangilio wa kuzuia picha unapatikana katika huduma nyingi za barua pepe.

Zaidi ya usumbufu, ipo hatari ya fedha. Barua inayotangaza kazi au urithi kisha kudai 'ada ya usajili' kwa njia ya simu, au inayokutaka uandike neno la siri la benki, ni ya kutiliwa shaka. Soma anwani kamili ya mtumaji, hasa sehemu inayofuata alama ya @, na usifungue kiambatisho usichokitarajia. Ukiwa na wasiwasi, piga simu kwa namba unayoijua, si ile iliyoandikwa ndani ya barua.

Kwa upande wa sheria, Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikafuata kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Chini ya sheria hiyo ya Tanzania, mwananchi ana haki ya kuitaka kampuni iache kutumia taarifa zake kwa ajili ya matangazo ya biashara. Sheria hizo huwabana wafanyabiashara wanaojulikana, lakini tapeli aliyejificha ng'ambo ni vigumu kumfikia, hivyo tahadhari ya msomaji mwenyewe bado inahitajika.

Jambo la mwisho ni kwamba kichujio nacho hukosea. Barua halali huweza kutupwa katika folda ya taka, na katika huduma ya Gmail barua zilizomo humo hufutwa zenyewe baada ya siku 30. Anayesubiri wito wa usaili na aikague folda hiyo angalau mara moja kwa wiki, na akikuta barua njema, abonyeze kitufe cha kueleza kwamba hiyo si taka.