Chombo Kizima, Sauti Imekatika



Sisi tunaoishi Umm Salal, kaskazini ya Doha, tuna mazoea yetu ya Ijumaa. Baada ya sala na chakula cha mchana, watu wa Mombasa, Unguja, Tanga na kwingineko hukutana katika sebule moja, kahawa hupikwa na redio hufunguliwa. Redio hiyo haikuwa ya mawimbi. Ilikuwa kisanduku chenye vifungo sita, kikivuta stesheni za nyumbani kwa njia ya intaneti. Bibi wa nyumba hiyo, ambaye macho yake hayasomi tena maandishi ya simu, alijua kwamba kifungo cha kwanza ni Mombasa na cha pili ni Unguja. Hakuhitaji kumwita mjukuu.

Ijumaa moja alibonyeza kifungo cha kwanza. Taa ikawaka, sauti haikuja. Cha pili vilevile. Tulizima, tukawasha, tukabadilisha waya. Fundi mwenzetu akakifungua, akapima, akakifunga tena. "Chombo chenu kizima," alisema. "Aliyekuwa akikionyesha njia ndiye aliyefunga duka." Kampuni iliyokitengeneza, ambayo jina lake tutaliacha, ilikuwa imezima seva iliyohifadhi orodha ya stesheni. Bibi akauliza: "Sasa kimekufa, au kimenyamazishwa?"

Swali hilo lina historia ndefu kuliko kisanduku chenyewe, na historia hiyo inatuhusu sisi Waswahili.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo zake. Santuri za wakati ule zilizunguka mara 78 kwa dakika, na gramafoni ilijazwa kwa mkono kama saa ya ukutani. Siti alifariki mwaka 1950. Santuri yake ikipatikana leo bila ufa, na gramafoni yenye sindano nzima, itaimba. Kweli, santuri huvunjika, huchubuka, na viwanda viliacha kuzitengeneza. Kupitwa na wakati si jambo geni. Lakini hakuna aliyeweza kukaa ng'ambo akainyamazisha santuri iliyomo kabatini mwako.

Yakaja mawimbi mafupi. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, na mtu mwenye redio ya betri aliweza kuisikiliza. Hapo tayari tulitegemea mnara wa mbali, na mnara ukizimwa sauti hukatika. Hata hivyo redio yenyewe haikufungwa kwa mnara mmoja wala kwa kampuni moja. Stesheni moja ikikatika, ulizungusha kitufe ukatafuta nyingine.

Kaseti, iliyoletwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, ilituweka karibu zaidi na sauti. Mombasa, maduka kama Mbwana Radio yalirekodi na kuuza taarabu kwa kanda, na kanda zikavuka bahari ndani ya masanduku ya wasafiri. Bibi wetu bado anazo chache. Kinasa sauti chake kilipogoma, fundi alibadilisha mkanda wa mpira, kikaendelea.

Sasa tutazame hivi visanduku na spika za intaneti. Kifaa hununuliwa mara moja, lakini seva inayokihudumia hulipiwa kila mwezi, miaka nenda miaka rudi. Ndani yake mna kumbukumbu ndogo iliyotosha siku kilipouzwa. Kufuli za usalama za intaneti hubadilika, huduma za muziki hubadilisha milango yao, na kifaa kisichoandikiwa programu mpya hubaki nje kikibisha hodi. Spika yake inaweza kuwa nzima kabisa.

Mifano ipo. Januari 2020 kampuni ya Sonos ilitangaza kwamba baadhi ya vifaa vyake vya zamani havitapata programu mpya kuanzia Mei mwaka huo, kwa sababu kumbukumbu na nguvu zake zimefika kikomo. Wateja walilalamika, mkuu wa kampuni akaomba radhi, na baadaye mfumo ukagawanywa mara mbili ili vya zamani viendelee kivyake. Chromecast Audio ya Google ilitoka mwaka 2015, ikaacha kutengenezwa mwaka 2019. Machi 2025 ilikwama ghafla majumbani mwa watu kwa sababu cheti cha kidijitali cha miaka kumi kilikuwa kimefika mwisho. Google ilituma marekebisho baada ya siku chache. Fikirini: karatasi isiyoonekana iliisha muda, na nyumba zikanyamaza.

Mfano wa tatu ndio uliotufunza zaidi. Kampuni ndogo ya Slim Devices ilitoa Squeezebox mwaka 2003. Logitech iliinunua kampuni hiyo mwaka 2006, ikaacha kutengeneza vifaa hivyo mwaka 2012, na mwaka 2024 ikafunga huduma yake ya mtandaoni. Kwa hesabu ya kawaida huo ungekuwa mwisho. Lakini programu ya seva yake ilikuwa huria tangu mwanzo, yaani mtu yeyote angeweza kuisoma, kuirekebisha na kuiendesha kwenye kompyuta yake. Watumiaji wenyewe waliichukua, na sasa inaitwa Lyrion. Visanduku vya miaka ishirini iliyopita vinaimba bado.

Karibu nasi hapa ipo minara ya Barzan, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 19. Mapaa ya nyumba za zamani za Ghuba yalibebwa na boriti za mikoko zilizoletwa na majahazi kutoka pwani yetu, Lamu na Rufiji zikiwemo. Boriti ikioza, fundi huona ilipooza akaweka nyingine. Jengo hudumu pale mwenye kulirithi anapoweza kulifungua na kulitengeneza.

Serikali nyingine zimeanza kuamka. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, mtengenezaji analazimika kutaja kifaa kitapewa marekebisho ya usalama kwa muda gani. Popote mlipo, muulizeni muuzaji swali hilo kabla ya kutoa pesa. Na ongezeni la pili: kampuni ikifunga, chombo hiki kitafanya nini peke yake?

Sisi tulinunua kisanduku kikuukuu kinachokubali programu huria, tukaiweka seva kwenye kompyuta ya zamani chini ya televisheni. Anwani za stesheni tumeziandika kwa kalamu kwenye daftari, maana nazo hubadilika, na mtu lazima azifuatilie. Kazi hiyo tunapokezana. Kanda za Bibi tumezinakili: nakala moja hapa, moja Mombasa, moja kwa ndugu Muscat.

Kifungo cha kwanza ni Mombasa tena. Wenye kanda za wazee wao wasingoje mpira ukatike na utepe uote ukungu. Atakayehitaji msaada wa kunakili, aje Ijumaa baada ya chakula. Kahawa ipo.