Madeni mabaya na madeni yenye shaka

Madeni mabaya ni fedha za mauzo ya mkopo ambazo mfanyabiashara hana tena tumaini la kuzipata. Madeni yenye shaka ni yale ambayo huenda yasilipwe. Duka likiwa linawadai wateja shilingi 2,000,000, na mmoja mwenye deni la 200,000 akafilisika, kiasi hicho hufutwa: akaunti ya madeni mabaya hudebitiwa, ya mdaiwa hukreditiwa. Shilingi 1,800,000 zinazobaki zikiwekewa tengo (makisio ya madeni yenye shaka) la asilimia 5, yaani 90,000, mizania itaonyesha 1,710,000.

Wapo wanaolipinga tengo hilo kwa kuwa ni makisio tu, na meneja anaweza kulichezea ili kukuza au kupunguza faida. Hofu hiyo ni ya haki, lakini dawa yake ni kuyapanga madeni kwa umri wake na kumwonyesha mkaguzi msingi wa makisio. Kusubiri hadi mdaiwa ashindwe kabisa kunaupa mwaka wa mauzo faida isiyokuwepo na kuutwika mwaka unaofuata hasara isiyo yake. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha IFRS 9, kilichoanza kutumika mwaka 2018, kinataka hasara inayotarajiwa itambuliwe mapema.